Sofa na Nyigu kwenye njia ya Muyinga

Basi la asubuhi la kwenda Muyinga lilisimama mbele ya nyumba ya Kadidja pale Gitega, likapiga honi, likangoja kwa adabu zote, kisha likaenda zake. Kadidja alikuwa mlangoni, amejifunga kitenge kipya, mfuko wa maandazi mkononi. Alilitazama likipinda kona akatamani kulitupia andazi.

Hakupanda kwa sababu watoto wa marehemu kaka yake walimkataza.

"Shangazi apande basi?" alisema Waziri, yule mkubwa, muuza vitenge. "Watu watasema nini? Kama vile hana watoto?"

"Hapandi basi," alisema Othmani, yule mdogo, fundi wa milango ya chuma.

Hilo ndilo jambo la mwisho ambalo ndugu hao wawili walikubaliana siku ile.

Kila mmoja alikuwa na pikipiki, na si pikipiki za kubebea watu sokoni. Amani iliporudi na barabara zikafunguka, kila mtu alirudi na chake kutoka nje. Wengine walirudi na cherehani, wengine na mabati. Waziri alirudi kutoka Dar es Salaam na pikipiki ya kistarehe, ndefu kama kitanda, kiti kipana kilichokaa chini, usukani umepanda kama pembe za ng'ombe. Dereva wake hukaa ameegemea nyuma, miguu mbele, kama mtu anayenyolewa ndevu. Kadidja aliipa jina Sofa. Othmani naye aliuziwa na mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kwenda kwao pikipiki ya mashindano, nyekundu, imefunikwa plastiki mwili mzima, kichwa chini, mkia juu. Anayeiendesha hulala juu ya tangi kama mwenye msokoto wa tumbo. Hiyo aliiita Nyigu.

Siku nyingine Kadidja angewaacha wabishane mpaka magharibi, maana ilikuwa burudani ya bure. Lakini leo Amisa alikuwa anarudi.

Amisa ni mdogo wake, wa tumbo moja. Vita vilipoanza alikimbilia Ngara, Tanzania, na watoto mgongoni. Watu walipoanza kurudi, naye alirudi: alikaa kutwa nzima juu ya mzigo wake kwenye stendi ya Muyinga akingoja mtu wa kwao. Ujumbe wake ulifika Gitega wakati yeye ameshakata tamaa na kugeuza. Tangu hapo hakutaka kusikia jina la Gitega likitajwa. Jana ndipo alipopiga simu, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Tanzania kilichonyooka kama kimepigwa pasi:

"Dada, nakuja mara ya pili, na ya tatu haipo. Nitakungoja stendi mpaka adhana ya adhuhuri. Usipotokea wewe mwenyewe, napanda gari narudi zangu, na mnisahau."

Akakata simu. Kadidja alimjua. Huyo utotoni aliwahi kususa chakula mpaka majirani wakaja kumbembeleza, kisa amepewa sahani yenye ufa.

"Bon," Kadidja alisema sasa, "basi imekwenda. Nani ananipeleka?"

"Mi," walisema wote wawili.

"Ya Waziri iko nzito sana, shangazi," Othmani alisema. "Njia ya Karuzi iko na makona kama utumbo wa mbuzi. Ile kitu yake haikunji. Unaiomba ikunje, inafikiri kwanza."

"Na ya kwako?" Waziri akadakia. "Ikikufa njiani nani ataifungua? Iko na nguo nyingi kuliko bibi harusi! Fundi anaivua mpaka jua linazama, hajaona hata injini. Ya kwangu injini iko wazi, mtu wa kijijini anaitengeneza na spana moja."

"Mara ngapi imetengenezwa na hiyo spana moja?"

"Haijafika mara nyingi!"

"Wiki hii?"

"Wanangu," Kadidja alisema, "Amisa iko nangoja."

"Ndiyo shangazi, tunamaliza. Mi namuelezea tu raha ni kitu gani. Raha ya pikipiki ni kwenda pole pole, unasikia injini inapiga kama moyo..."

"Moyo wa mgonjwa!"

Kadidja aliacha kuwasikiliza akazizunguka pikipiki zote mbili, kama anavyozunguka kuku sokoni. Kwenye Nyigu, mahali pa abiria palikuwa na kipande cha mto kisichozidi mche wa sabuni, kimewekwa juu kabisa kwenye mkia. Mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, hukaa pikipiki kwa upande, miguu pamoja, mfuko mapajani. Kwenye ule mche wa sabuni hata paka angekaa kwa upande angeteleza. Vijana hawa walikuwa wamepima mwendo, makona, mafreni na sauti za injini tangu alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza makalio ya shangazi yatakaa wapi.

Akapanda Sofa.

Waziri alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Othmani akavaa kofia yake kwa hasira, akasema atawafuata nyuma ili aje awaokote.

Na kweli, Sofa ilikuwa na raha yake. Kadidja alikaa kama yuko barazani, mgongo umeegemea kile chuma cha nyuma kilichovikwa ngozi. Tabu ni kwamba Waziri naye aliendesha kama yuko barazani. Walipofika Mushasha, wanafunzi walikuwa wanapanda kwenda shule, akapunguza mwendo ili waione vizuri. Mbele kidogo akasimama kumsalimia mteja wake. Akasimama tena kumsalimia mteja wa mteja wake.

"Waziri, babangu, sisi tunakwenda Muyinga ao tunapiga kampeni?"

"Hii pikipiki haikimbizwi, shangazi. Inafurahiwa."

Makona yalipoanza, Kadidja akaelewa Othmani alikuwa anasema nini. Waziri aliulaza usukani mapema, kama mtu anayegeuza mtumbwi, na Sofa ikakubali kwa shingo upande. Ilipoinama kidogo tu, chuma cha kuwekea miguu kikagusa lami, kikakwaruza, cheche zikaruka. Kadidja akainua miguu yake juu.

"Ni kawaida!" Waziri alipiga kelele.

"Kawaida ya nani?"

Nyuma yao Nyigu ilikuwa inalia kwa uchungu, maana haijaumbwa kwenda pole pole. Kila mara Othmani aliwapita kama risasi, akaingia kona amelala ubavu, akapotea. Halafu wakamkuta mbele amesimama anajinyoosha mikono iliyokufa ganzi, anasubiri injini ipoe.

"Umeona inavyokata kona, shangazi?" Hakukosa kuuliza.

"Nimeona," Kadidja alisema. "Nimeona pia unashika kiuno kama mjamzito."

Waziri akacheka mpaka Sofa ikayumba.

Karibu na Karuzi barabara ilikuwa inatengenezwa, na magari yalielekezwa kwenye njia ya udongo mwekundu uliolegea. Mbele yao wakakuta ng'ombe. Sofa ikapunguza, ikapunguza zaidi, ikasimama. Waziri akaweka mguu chini, mguu ukateleza, na ule uzito wote ukaanza kulala taratibu upande mmoja, kwa heshima, kama mzee anayejilaza baada ya chakula. Kadidja alishuka tu. Alishuka kama anashuka kitandani, akasimama pembeni na mfuko wake wa maandazi, akaitazama Sofa ikimalizia kulala na Waziri akiwa anaikumbatia.

Ndugu wawili waliinyanyua kwa kuhema. Haikuwaka. Harufu ya petroli ikajaa.

"Imemeza sana," Waziri alisema. "Inataka kupumzika."

"Haya, toa spana yako moja," Othmani alisema.

"Funga kinywa."

"Mi nauliza tu. Kwa kuwa haifi."

"Haijakufa! Imelala! Ya kwako ikianguka hivi ungekuwa unaokota plastiki mpaka kesho!"

Kadidja alitafuta jiwe akakaa. Alikuwa ameanza kufikiria kwamba vita viliondoka nchini, vikakuta nyumbani kwa kaka yake mlango uko wazi, vikaingia. Hapo simu ikalia. Alikuwa Houssein, muuza chai wa stendi ya Muyinga, mtu wa ukoo, ambaye Kadidja alimwomba amwangalie Amisa kwa jicho moja.

"Shangazi Kadidja, uko wapi? Amisa anaangalia saa ya kila mtu. Adhana iko karibu, na gari la Kobero, la mpakani, liko linapakia. Nimempa chai, ameikataa. Amesema atakunywa kwao."

"Kwao wapi?"

"Ngara, shangazi."

Kadidja alikata simu. Ngara ikishakuwa kwao, basi tena. Hakuna simu wala salamu itakayomrudisha. Mtu anaweza kuwa na dada mmoja tu duniani na akafa bila kumwona. Akasimama.

"Waziri, vua suruali."

"Shangazi?"

"Ile ya mvua. Ya plastiki. Unayovaa juu. Vua, haraka, mi sina aibu ya kukuogopa, nilikuosha ungali mtoto."

Aliivaa palepale kando ya barabara, akaisukumia kitenge ndani mpaka akavimba kama gunia la pamba. Ndugu wawili wakamnyanyua, mmoja kwa kwapa, mmoja kwa goti, wakampandikiza juu ya mkia wa Nyigu, mguu huku, mguu kule. Katika maisha yake yote Kadidja hakuwahi kupanua miguu juu ya kitu kinachotembea. Maandazi akamwachia Waziri.

"Nishike kiuno," Othmani alisema. "Nikiinama na we inama."

"Enda!"

Alikwenda. Loo! Kadidja aliona Buhiga ikija, na kabla hajasema Buhiga, ilikuwa nyuma. Kwenye kila kona Othmani aliinama kulia, yeye akavuta kushoto, kwa sababu mtu mwenye akili akiona gari linapinduka hukimbilia upande wa pili.

"Shangazi, inama nami! Unaiharibia mzani!"

"We ndiye uinuke! Unataka kuokota nini huko chini?"

Kila jiwe la barabara lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno yake. Alimuomba Mungu, halafu akamtukana mzungu aliyeuza ile kitu, halafu akamuomba Mungu msamaha. Lakini kuna kona moja ndefu baada ya mto, ambapo alichoka kupambana akaacha mwili uende na pikipiki, na Nyigu ikapita laini kama sindano kwenye hariri, na sauti ikamtoka kooni ambayo hakuitoa tangu akiwa msichana. Othmani akageuza kichwa.

"Umesema nini, shangazi?"

"Nimesema angalia mbele, mbwa we!"

Muyinga waliingia adhana ikimalizikia. Houssein alikuwa katikati ya stendi na birika mkononi, anaonyesha barabara ya Kobero kwa mkono mzima: gari limetoka sasa hivi! Othmani hakusimama. Walilikuta linajikokota kwenye mlima wa kwanza, dogo, jeupe, mizigo juu. Nyigu ikalipita, ikakata mbele yake, ikasimama. Dereva akafunga breki na matusi pamoja.

Dirisha la tatu likafunguka. Kichwa kikatoka. Kilikuwa na mvi nyingi kuliko Kadidja alivyotarajia, lakini kile kidevu cha kususa kilikuwa palepale.

"Adhana imeshapita," Amisa alisema.

"Nimeisikia. Nilikuwa ndani yake."

"Nilisema mpaka adhana."

"Amisa, shuka."

"Nimeshalipa nauli. Mara ya kwanza nilikaa pale kama mzigo usio na mwenyewe, dada. Kutwa. Watu wananihurumia. Leo tena watu wananihurumia, mpaka yule muuza chai." Sauti yake ilitetemeka, akairekebisha. "Kama ulinitaka, ungekuja mapema."

Abiria wote walikuwa wametulia, wanasikiliza kwa moyo mmoja. Kadidja angeweza kumweleza habari za basi, za ng'ombe, za wale wapumbavu wawili. Aliona haitafaa, Amisa amezoea maelezo, huyakunja akayaweka pembeni. Basi akafanya uso wa mtu anayekufa.

"Siji kukubembeleza," alisema. "Nimekwama. Miguu imekauka, siwezi kuteremka. Huyu mtoto mwanaume hawezi kunishika namna hii mbele ya watu. Njoo unishushe, halafu uende zako Ngara."

Othmani alifungua mdomo. Kadidja akamfinya ubavuni mpaka akaufunga.

Amisa alimtazama dada yake vizuri kwa mara ya kwanza: ile suruali ya plastiki, kitenge kikichomoza kiunoni kama mkia wa bata, kilemba kimehamia sikioni, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kidevu kikaanza kucheza. Akajaribu kukizuia kwa mkono, ikashindikana.

"Kadidja! Umevaa nini wewe?"

"Usinicheke, nishushe."

"Mwanamke mzima umetanua miguu barabarani..."

"Amisa, naanguka!"

Mlango wa gari ukafunguka. Amisa akashuka huku anacheka na kufuta macho kwa ncha ya kanga, akamshika dada yake kiunoni kwa mikono miwili. Kadidja akauzungusha mguu juu ya mkia wa Nyigu, akatua chini kwa miguu yote miwili, wima. Wakashikana hapo, hawakuachiana, hata kondakta alipouliza mara mbili kama mama anaendelea na safari au vipi. Mwishowe kondakta akapanda juu, akashusha furushi, akaliweka kando ya barabara, na gari likapanda mlima.

Baada ya kitambo Sofa ikaja nyuma yao inapiga moyo wake wa kistarehe, Waziri juu, uso umejaa udongo na ushindi.

"Mmeona?" alipiga kelele kabla hajasimama. "Imewaka yenyewe! Bila spana!"

"Na imekuta nani yuko ameshafika?" Othmani akajibu. "Shangazi Amisa, karibu sana, tafadhali we utuamulie..."

Kadidja alilishika furushi upande mmoja, akamwonyesha dada yake upande wa pili kwa kidevu. Wakaanza kuteremka kwenda mjini kwa miguu, wale wawili wakigombana nyuma yao, injini zikiunguruma.

Walikwenda kidogo. Halafu Amisa akapunguza mwendo.

"Dada," alisema, "kwa mtu aliyekauka miguu, umeshuka kirahisi sana."

Kadidja alijipangusa vumbi kwenye paja la plastiki.

"Gari limeshaondoka," alisema.