Walioamka Kwenye Barafu

Wenzake maabarani walimwita Mama Sweta, maana hata jua liwake vipi, yeye hakosi sweta. Alichunguza bakteria waliotolewa kwenye barafu ya ncha ya dunia. Aliamini wanaishi kule kwa sababu ya jeni moja inayowawezesha kutengeneza protini ya kuzuia chembe za barafu zisikue na kuwapasua. Basi aliipandikiza jeni hiyo kwa bakteria wa kawaida, akawagandisha pamoja na wenzao wasiopandikizwa, apate kulinganisha. Mara mbili walikufa wote.

"Shemeji, hao ni watu wa joto kama mimi," fundi wa maabara, mdogo wa mumewe, alimtania. "Waache walale pema."

"Wewe subiri tu," akamjibu, akajaribu tena.

Asubuhi moja alifungua kabati la joto walimowekwa ili waamke. Sahani ya wasio na jeni ilikuwa tupu. Ya wenye jeni ilijaa vidoa vya rangi ya maziwa, vimesongamana hadi ukingoni. Akasoma lebo, akarudia kuzisoma, akihofia amezichanganya. Hakuwa amechanganya kitu.

"Shemeji! Wako hai! Njoo ujionee mwenyewe!"

Fundi alikuja mbio, glavu mkono mmoja. Akainama, akatoa macho.

"Loo! Wameniumbua hawa!"

Mama Sweta alicheka hadi machozi yakamtoka. "Leta wengine," akasema akiwa tayari anafungua friji. "Tuone baridi itakayowashinda!"