Mapovu Arobaini na Mawili

Bi Teruyo Hamajima aliisoma karatasi ile mara ya kwanza kimya. Mara ya pili aliisoma kwa sauti, na feni ya mezani, naapa, iligeuza uso ikatazama ukutani.

“‘Mfalme Pweza, mchezo wa video wa mwaka themanini na sita, toleo jipya. Kasoro ya mashine kwenda polepole imerekebishwa.’ Kasoro. Nani kaandika neno hili?”

“Mimi, mama,” akasema Nishiwaki, mkurugenzi wa kampuni iliyonunua michezo yote ya karakana ndogo ya Osaka alikofanya kazi Bi Teruyo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mwenye adabu nyingi za kuudhi. Alikuwa amemwita Bi Teruyo aweke saini, ili jina lake lichapishwe kwenye kisanduku, kwa mara ya kwanza tangu autengeneze mchezo huo. “Hatua ya nne, mapovu yakijaa kwenye skrini, ile mashine ya zamani ilikuwa inajikokota. Sasa inakwenda kama treni ya mwendokasi.”

“Nani kakuomba?”

Nishiwaki akamgeukia Mzee Kusumoto, amwokoe. Huyu ndiye aliyekuwa bosi wa karakana enzi hizo: watu watano chumba kimoja, na yeye wa sita kazi yake kelele. Sasa alikuwa na miaka themanini na meno mapya.

“Teruyo, dada yangu, tusigombane na maendeleo. Hata wakati ule tulijua ni kasoro. Si uliomba radhi mwenyewe?”

Aliomba, ndiyo. Kiangazi cha mwaka ule wenye kumbi za michezo ya sarafu walikuja kuiona mashine kabla haijauzwa. Ilipoanza kujikokota, Kusumoto aliiva kama pweza wa kuchemsha. Akamsimamisha Teruyo, aliyeuandika mchezo mzima kwa mkono wake, mbele ya wanaume kumi na mmoja, akamwamuru ainamishe mgongo na kusema kosa ni lake. Aliinama hadi akaona viatu vyao vyote. Miaka arobaini baadaye angeweza kukutajia kila jozi. Vya Kusumoto vilikuwa na kamba za rangi mbili.

Na halikuwa kosa. Alikuwa ameyahesabu mapovu kwa miezi mitatu. Mapovu thelathini, mchezaji anapita bila jasho. Arobaini na matano, mashine inazirai. Arobaini na mawili, inachoka kiasi tu cha jicho kuona upenyo. Alijaribu kueleza, Kusumoto akamwambia wanunuzi hawanunui maelezo.

“Iwasheni hiyo treni yenu,” akasema Bi Teruyo. “Na acheze huyu.”

Kusumoto akakunja mikono ya shati. Hapakuwa na baa Osaka ambayo haijasikia alivyoumaliza mchezo ule kwa sarafu moja, huku mkono wa kushoto ukila maandazi ya pweza. Miaka ya karibuni alikuwa ameongeza kwenye hadithi na kitambaa machoni. Hatua tatu alizipita. Ya nne, Mfalme Pweza akafungua mdomo, mapovu yakamwagika kama kokoto kutoka kwenye lori, na mzamiaji aliyekuwa akimwendesha kwenye skrini akafa kabla hajapepesa jicho. Akafa tena. Mara ya tatu alikufa upesi hata wimbo wa msiba ukachelewa.

“Kijiti cha kuchezea kibovu hiki.”

“Kijiti kizima, bosi. Labda ni kile kitambaa,” akasema Bi Teruyo. “Wewe Nishiwaki, jaribu.”

Nishiwaki naye akafa. Akafuta mikono kwenye suruali. “Hata wajaribu wangu hawajapita hapa,” akakiri. “Tulidhani ni wazembe.”

Bi Teruyo akatoa mkobani daftari lililokwisha pembe, akalifungua mbele ya Nishiwaki. Tarehe ilikuwa ya majira ya kuchipua, kabla ya kile kiangazi. Nishiwaki akasoma: “Mapovu arobaini na mawili. Hapa mashine ichoke. Mchezaji apumue.” Akapitisha kidole juu ya maandishi. “Tunaweza kuweka swichi, mama. Mchezaji achague mwenyewe, haraka au polepole.”

“Nyumbani kwako kuna swichi ya kuondoa ngazi? Rudisha mashine ilivyokuwa. Na hilo neno lifute sasa hivi, nione. La sivyo jina langu halikai kwenye kisanduku chako.”

Kalamu ya Nishiwaki ikapita juu ya ule mstari wa kasoro, mara mbili. Bi Teruyo akaweka saini yake kwa nguvu hata karatasi ya chini ikapata nakala. Kisha akamgeukia Kusumoto.

“Umebaki wewe.”

Mzee hakuuliza amebaki na nini. Akasimama, akainama na kuinuka kama kifuniko cha kiberiti cha gesi. “Samahani, Teruyo. Nilikosea.”

“Umeenda mbio,” akasema Bi Teruyo. “Rudia. Usiinuke mpaka nimalize kuhesabu mapovu yote.”

Akainama tena. Bi Teruyo akavitazama viatu vyake. Siku hizi havikuwa na kamba.

“Moja,” akaanza. “Mbili.”

Kufika kumi na tisa, magoti ya mzee yalikuwa yanalia.

“Teruyo, mgongo.”

“Ishirini,” akasema Bi Teruyo.