Majani Yaliyowahi Mvua

Mlinzi wa msitu hakumwamini shemeji yake hata siku ya harusi, sembuse sasa. Mwanamume huyo aliyemuoa mdogo wake alikuwa mchoma mkaa, na mtaani wote walimwita Moshi. Kibali chake kilimruhusu kukata miti iliyokufa tu, na wa kuamua upi umekufa alikuwa mlinzi mwenyewe. Alikwaruza gome kwa kisu. Chini yake pakiwa kijani, mti umelala tu; umeangusha majani usipoteze maji, unasubiri mvua. Pakiwa kahawia, anaupaka chokaa na Moshi anakuja na shoka.

Mwaka huo kiangazi kiligoma kuisha. Msitu mzima ulisimama uchi, na hilo halikumtisha mlinzi, maana ndivyo unavyojiokoa. Kilichomnyima raha ni miti michache karibu na tanuri la Moshi. Ilichipua majani mororo katikati ya ukavu, majani yakaungua kwa jua, na sasa kila alipokwaruza alikuta kahawia. Kwingine kote palikuwa kijani. Miti iliyokufa ilikuwa ya jirani na Moshi tu, na Moshi ndiye wa kufaidika ikifa. Hapo pana mkono wa mtu, alijiambia, tena mkono anaoujua.

Alichimbua chini ya shina moja akanusa udongo. Ulikuwa na unyevunyevu. Kuna mtu anamwaga kitu hapa, aliwaza, pengine sumu, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mdogo wake.

"Mumeo siku hizi anatoka na punda mapema. Anakwenda wapi?"

"Dada, umeanza."

"Nimeuliza tu."

"Hujawahi kuuliza tu." Mdogo mtu aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu zamani. "Ila ujue, ukimfikisha kwa mkuu wako akafungwa, mimi na wanangu tunahamia kwako. Na mimi sitakusamehe."

Mlinzi alitoka bila kuaga. Yule anajua kitu, aliwaza, na wazo hilo lilimuuma kuliko maneno ya kutosamehewa.

Kulipopambazuka alikuwa amejibanza nyuma ya kichuguu. Moshi alikuja taratibu na punda wake, madumu yakining'inia ubavuni, akitazama huku na huku kama mtu aliyekula kuku wa jirani. Alipoanza kumimina shinani, mlinzi alimrukia akampokonya dumu. Akanusa. Akachovya kidole, akaonja.

"Umetia nini humu?"

"Maji, shemeji."

"Maji gani?"

"Ya kisima. Kuna mengine?"

Mlinzi alionja tena, maana hakutaka kushindwa kirahisi hivyo. Yalikuwa maji.

"Nimekata miti maisha yangu yote," Moshi alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Nikaona walau hii michache niinyweshe, wanangu waikute. Nikamwambia mke wangu asiseme, watu wangenicheka, mchoma mkaa anamwagilia msitu. Ilipotoa majani nilifurahi sana."

Mlinzi aliona aibu, na aibu ikamtoka kwa ukali. "Umeiua, Moshi. Ilikuwa imelala. Umeimwagia maji ikadhani mvua imefika, ikaamka, ikatumia akiba yake yote kwenye majani. Mvua iko wapi?"

Moshi aliketi chini palepale. Mlinzi alimsaidia kumfunga punda madumu. Kwa mkuu hakwenda.

Wiki ile ile, bila dalili yoyote, mbingu zilifunguka mchana kutwa. Mjini watu walitoa ndoo na masufuria nje, wakacheka na watu wasiowajua. Kesho yake jua likarudi kali vilevile, wala wingu halikuonekana tena. Siku chache baadaye kilima chote, kutoka chini hadi kileleni, kilikuwa kimevaa majani mororo. Mkuu alimpigia simu mlinzi kumpongeza kwamba msitu umepona.

Mlinzi alimkuta Moshi amesimama pembeni ya tanuri, anatazama kilima. Majani ya upande wa jua yalikuwa yameanza kujikunja.

"Safari hii sio mimi, shemeji," Moshi alisema kwa sauti ndogo.

"Najua," mlinzi alisema, na kwa moyo wake wote alitamani kosa lingekuwa la Moshi tena.