Tunda Moja na Ndimu ya Papa Nicolas

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, nilikuwa nikishuka ziwani na bidoni la plastiki, nachota maji, napanda nayo hadi nyuma ya nyumba ya mama na kukinywesha kichaka changu. Na kila asubuhi majani yake yalikuwa ya manjano zaidi. Kilikuwa na kimo cha goti, kimepandwa ndani ya nusu pipa, na ndoa yangu yote ilikuwa inakitegemea.

Nilikitoa Uvira, kwa mzee mmoja anayeuza miche ya matunda ambayo kwetu hayajulikani. Alinipa kitunda chekundu, kidogo kama cha kahawa, akaniambia nikizungushe mdomoni mpaka nyama yake iishe, kisha niteme kokwa. Chenyewe hakikuwa na ladha ya kusimulia. Halafu akanikatia ndimu. Niliiuma nikingoja meno yaingie ganzi, lakini ilishuka kooni kama asali ya porini. Nikaomba ya pili, nayo ikawa hivyo hivyo. Mzee alisema utamu ule hukaa ulimini muda wa mahubiri mafupi, kisha ulimi unarudi kuwa ulimi, na kwamba watu waliokatazwa sukari wanakipenda sana. Alikuwa bado anaeleza namna ya kukitunza wakati nilipofunga mche nyuma ya kiti na kuwasha pikipiki. Mimi ni mtu wa kuelewa haraka.

Wakati huo nilikuwa nampenda Ketsia, fundi wa kushona karibu na soko la mji wetu wa Baraka, na Novemba nilienda kujionyesha kwao kama mchumba. Baba yake, Papa Nicolas, ni mvuvi mwenye mitumbwi miwili na sauti ya kutosha mitumbwi kumi. Mbele ya wajomba na majirani aliniuliza niko na nini zaidi ya pikipiki na mdomo. Ningeweza kutaja shamba la marehemu baba. Badala yake nikasema niko na mti ambao tunda lake linageuza ndimu kuwa asali.

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Papa Nicolas alingoja wanyamaze.

“Kijana, mi niko navua mu hii ziwa tangu baba yako anatambaa. Siku nitakula ndimu muzima bila kufunga jicho, siku ile lete bazee yako tuongee mahari. Na Pasaka ikipita, usinipigie tena hodi.”

Ulikuwa mzaha. Mtu mwingine angecheka pia, akaombwa kuketi, akaletewa samaki. Mimi nilisimama, nikasema mbele ya wote kwamba nimekubali, na baada ya hapo mzee naye hakuweza kurudi nyuma.

Ketsia alinisindikiza mpaka barabarani. Pale ndipo aliponiambia, polepole, “Umetia ndoa yangu mu mukono ya kichaka. Na hakuna mutu aliniuliza.”

Nilimwambia ataona. Alirudi ndani kabla sijamaliza.

Kuanzia siku ile mji mzima ulinibatiza upya. Kwenye kituo cha pikipiki nilikuwa Papa Ndimu. Eddy, mwenzangu wa kituo, aliniuliza kila jioni kama tunda langu linaweza kufanya majani ya muhogo, ile sombe ya mke wake, yalike, na kila jioni nilitaka kumpiga. Sikuweza kukaa mahali pamoja. Nikiwa kazini nilifikiria kichaka, nikiwa kwenye kichaka nilifikiria Pasaka. Mchana nilikatisha safari ili nikaone kama kuna jani jipya. Nilikisogeza kwenye kivuli, kesho yake nikakirudisha kwenye jua. Nilikiongezea maji ya ziwa jioni pia, kwa sababu kwetu maji yale yanatosha kila kitu: tumeogeshwa nayo, tumebatizwa nayo, tumepikiwa nayo.

Majani yakazidi kuwa ya manjano, mishipa tu ikabaki kijani.

Ndayisenga, Mrundi mkimbizi anayelima kipande cha shamba letu, alinionea huruma. Kwao milimani walikuwa wakiweka majivu kwenye migomba, nayo ilinenepa. Akaniletea ndoo ya majivu kutoka jikoni kwake, tukayamwaga pamoja. Baada ya muda mfupi ncha za majani zikaungua kama zimepigwa moto. Nilimfuata shambani nikamwambia kwamba ana wivu, kwamba amekuja kwetu mikono mitupu na sasa hataki kuona wengine wakipata. Aliweka jembe chini, akanitazama.

“Vainqueur, mi nilikuletea majivu ya moto yenye batoto yangu wanaota. Unafikiri nilikuwa nacheza?”

Niliwasha pikipiki nikamwacha pale. Nilipata abiria wa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, nikaenda. Mvua ilinyesha nyuma yetu ikala barabara, na malori yakazama kwenye tope pande zote mbili. Nilikwama huko majuma kadhaa. Nilibeba watu kutoka shimo hadi shimo, nikalala vibaya, nikagombana na kila aliyenitazama. Kichwani nilikuwa nimekwisha kukizika kichaka changu.

Barabara ilipofunguka nilifika nyumbani nimejaa tope mpaka masikioni, nikapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Kichaka kilikuwa kijani. Si kijani cha kubahatisha: majani mapya yalikuwa yanang'aa juu kabisa, na chini yake vichipukizi.

Nilimuuliza mama amekifanyia nini. Mama Marthe ana magoti mabaya, hashuki ziwani.

“Sikugusa kitu,” alisema. “Mvua tu. Na wewe haukukuwa hapa.”

Lile neno la pili liliniuma kuliko ucheshi wote wa Eddy. Nilimpigia simu mzee wa Uvira, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu mwanzo. Aliuliza nilikuwa nakinywesha nini. Nilipomwambia, alisema kwamba mche ule unaishi kwenye udongo wenye uchachu, udongo mweusi wa majani yaliyooza chini ya miti, na hunywa maji ya mvua. Maji ya ziwa letu yanaua ule uchachu, na majivu yanamalizia. Kwamba ndiyo aliyokuwa anataka kuniambia siku ile, lakini pikipiki yangu ilikuwa na kelele.

Nilitega pipa chini ya mabati. Nilienda kwa Ndayisenga nikamwomba anionyeshe mahali pa kuchimba udongo mweusi. Alinifanya niseme mara mbili nilivyomkosea, mbele ya mke wake Renilde, ndipo akachukua jembe.

Maua yalikuja, madogo, meupe, ya kudharaulika. Mengi yalipukutika. Yakabaki matunda matatu: moja lililiwa na ndege, la pili likaanguka bado bichi, la tatu nikalivika kipande cha chandarua na kulilinda kama mtu mwenye deni na Mungu. Lilianza kuwa jekundu juma la mateso.

Siku ya Pasaka, baada ya ibada, nililichuma na kulifunga kwenye jani. Uani kwa Papa Nicolas watu walikuwa wengi kuliko Novemba, Eddy na wenzangu wa kituo wakiwemo. Ndimu ilikuwa tayari kwenye sahani: ya kutoka Nundu, kubwa, ameichagua mwenyewe. Nilikunjua jani. Wakanyoosha shingo, mtu akauliza kama hicho ndicho chote.

Mkono wa Papa Nicolas ulikuwa bado njiani wakati Ketsia alipolichukua tunda kiganjani mwangu na kulitia mdomoni.

Alilizungusha taratibu, akatema kokwa mkononi. Akakata ndimu vipande viwili, akala kimoja mpaka ganda, macho wazi, akimtazama baba yake. Kisha akasukuma sahani.

“Mulifunga maneno juu yangu bila kuniuliza,” alisema. “Mi nimemaliza sehemu yangu, Papa. Sasa ni yako.”

Tunda halikuwepo tena. Mzee alijua, nami nilijua. Lakini binti yake alikuwa amekula bila kukunja uso, na wajomba wote walikuwa wanatazama. Papa Nicolas alichukua nusu iliyobaki akaiuma. Shingo yake ilitoka mishipa. Machozi yalitiririka mpaka kwenye ndevu, lakini jicho hakulifunga, hata moja. Alitafuna, akameza, akaweka ganda kwenye sahani.

“Lete bazee yako,” alisema kwa sauti iliyokauka. Halafu akaomba maji.

Vigelegele vilianza, Eddy alikuwa amenikumbatia, lakini mimi sikutulia. Nilimvuta Ketsia pembeni, karibu na nyavu zilizoanikwa. Nilitaka neno moja tu: ilikuwa tamu au alivumilia kama baba yake? Tangu Novemba nilikuwa nangoja mtu wa Baraka aseme kwamba sikudanganya.

Alinifungulia kiganja. Kokwa ilikuwa pale, imelowa.

“Kapande hii leo, isikauke,” alisema. “Uipe maji ya mvua. Ile jibu yenye unataka nitakuambia tukiisha kuoana.”