Bega la Kimya

Wasichana walimwita kocha wao Mama Filimbi, na si kwa mapenzi. Filimbi haikumtoka shingoni, na ulimi wake haukujua likizo. Asubuhi hiyo alikuwa akiwapima nguvu na wepesi, ili achague mmoja wa kujaza nafasi iliyobaki katika timu ya kikapu ya vijana. Mbio za kukata kona kati ya koni zilikwisha salama. Ikabaki kuruka.

Kipimo chenyewe si kigumu. Msichana anapaka chaki vidoleni, anasimama ubavu ukutani, ananyoosha juu kabisa mkono anaorushia mpira, anaacha alama. Kisha anaruka na kugusa tena. Nafasi kati ya alama hizo mbili ndiyo nguvu ya miguu yake. Wajanja nao wanajua pa kuibia: ukilegeza bega mwanzoni, alama ya kwanza inakaa chini, na mruko wako unakuwa wa ajabu bila jasho.

Basi Kimya, msichana mrefu asiye na maneno mengi, alipowapita wenzake wote, Mama Filimbi aliitazama ile alama ya kwanza na damu ikamchemka. Ilikuwa chini mno kwa urefu ule.

"Njooni mumwone mwizi wa bega," alisema.

Wenzake wakacheka. Kocha akamrudisha ukutani, akamshika kiwiko, akausukuma mkono juu. Haukwenda. Akasukuma tena kwa hasira, na hapo Kimya akaguna kwa maumivu, uso kaugeuzia ukuta.

Mama Filimbi akainua macho kuitazama alama ya pili, ambayo kwa pupa yake hakuwa ameijali. Nayo ilikuwa chini. Mtoto alikuwa ameruka na mkono ule ule usionyooka, hakuiba hata kidogo. Kocha akakumbuka alivyomsimanga msimu mzima kwamba anarusha mpira kama anayesukuma mkokoteni. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na filimbi yake.

Akawatoa wengine nje wakanywe maji, kisha akamuuliza taratibu. Kimya akaeleza kwamba alivunjika bega utotoni, mfupa ukaunga vibaya, na nyumbani walimwonya asithubutu kusema.

"Nisamehe, mwanangu," kocha alisema. "Nitawaita wote niwaambie ukweli. Mruko wako ni halali."

Kimya akatikisa kichwa haraka.

"Usiwaambie, kocha. Daktari wa timu akisikia habari za bega, ananitoa moja kwa moja. Waambie niliiba. Mwizi anaruhusiwa kurudia kipimo."

Mama Filimbi aliutazama mlango. Nje wasichana walikuwa bado wanacheka, wakiigiza bega lililolegea, na mtoto alikuwa anamtazama yeye, akingoja akubali.