Kabati la Pili

Watu walimwita Bi Kabati, na yeye alishazoea. Jina lake halisi lilibaki kwa mdogo wake na kwenye makaratasi ya serikali. Kwa wengine wote alikuwa yule msichana wa kwenye picha ya sinema ya Mwenye Patasi, aliyejificha kabatini wenzake wakichinjwa mmoja baada ya mwingine, akatoka asubuhi peke yake, gauni limechanika, akitembea barabarani bila viatu. Alikuwa msichana mbichi walipoipiga picha ile. Sasa mvi zilikuwa zimetanda kichwa kizima na magoti yanamsumbua, lakini mwanafunzi akiingia kwenye gari la mafunzo, kabla hata ya kufunga mkanda, alimkodolea macho.

"Samahani, Mwalimu, si wewe yule...?"

"Ndiye. Kanyaga klachi."

Wengine walimwomba apige ukelele kidogo tu, wasikie. Aliwajibu kwamba ukelele utatoka wenyewe wakifika kwenye mzunguko. Walicheka, naye alicheka nao, mambo yakaisha. Baada ya picha ile aliwahi kuigiza nyingine kadhaa, na katika zote alikuwa msichana anayekimbia. Alipoomba apewe nafasi ya hakimu, ya muuguzi, ya mke mwenye wivu, aliambiwa watazamaji hawatakubali; wakimwona tu watakaa wakisubiri patasi. Akachoka, akaacha. Akaingia kwenye ualimu wa udereva, kazi aliyoipenda kwa sababu ya jambo moja: gari la mafunzo lina breki upande wa mwalimu pia.

Mwongozaji wa picha alikuja nyumbani kwake siku ya mapumziko, mchana. Mdogo wake Bi Kabati, ambaye waliishi pamoja tangu wote wawili wafiwe na waume, ndiye aliyemfungulia mlango. Mgeni alikuwa kijana mpole, miwani usoni, mwenye adabu ya kuvua viatu kabla hajaambiwa. Alisema wanataka kuitengeneza upya picha ya Mwenye Patasi.

"Kwani ile ya kwanza ina ubaya gani?" mdogo mtu aliuliza.

"Haina ubaya, Mama. Shida ndiyo hiyo." Mwongozaji alikiweka chini kikombe cha chai. "Siku hizi picha zote za zamani za kuchinjana zinarudiwa. Kamera nzuri, damu nzuri, sauti inakupasua masikio, na hakuna mtu anayeogopa. Watu wanatoka ukumbini wakisema ile ya zamani ndiyo ilikuwa kiboko. Mimi nataka kujua kwa nini."

Alimtaka Bi Kabati awe mama wa msichana. Mama na binti watajificha pamoja kabatini, kisha mama atatoka ili amvute Mwenye Patasi mbali na mwanawe, na atauawa.

"Nakufa kabisa?" Bi Kabati aliuliza.

"Kabisa. Tunaonyesha hadi mazishi."

Safari hii steringi wa picha atakuwa mwingine. Mwingine ndiye atakayetoka asubuhi bila viatu, na yeye watu watamwona akifukiwa, macho yao wenyewe yakishuhudia. Labda hapo wangemwachia aende zake. Alikubali kabla chai haijapoa, mdogo wake akimkata jicho.

Na kwa kuwa alikuwa amefurahi, alisimulia kile kisa alichokuwa akikisimulia kila anapohojiwa: jinsi komeo la kabati lilivyogoma siku ya kupiga ile picha ya kwanza, yeye akabaki ndani, wenzake wakaenda kula wakidhani ametoka. "Wao wanatafuna, mimi nalia. Nimekuja kutoka, sufuria zimeshaoshwa." Mdogo wake alitabasamu kidogo kwa mazoea. Mwongozaji hakucheka.

"Kwa hiyo ule uso wako unapotoka kabatini," alisema, "ule ulikuwa wa kweli?"

"Wa njaa," alijibu Bi Kabati, na akamwongezea chai.

Nyumba ya kwenye picha ilijengwa ndani ya ghala kuukuu. Vyumba havikuwa na dari, kuta zilikuwa na rangi upande mmoja tu, na kila mahali palinuka mbao mpya. Msichana aliyepewa nafasi ya steringi alikuwa mrefu, mtulivu, aliyesomea uigizaji na kuupenda kama mtu anavyopenda ushonaji: kila mshono alitaka kujua unaanzia wapi. Kwenye picha aliitwa Binti, na hata nje ya picha wakaendelea kumwita hivyo hivyo. Alimwamkia Bi Kabati siku ya kwanza na kumwita Shangazi, na hakuacha tena.

"Shangazi, ule uso uliufanyaje?"

"Sikuufanya, mwanangu. Wewe fanya wako."

Lakini Mwongozaji hakuridhika na uso wa Binti. Kila mara alisimamisha kazi. "Unaigiza. Nakuona kabisa unaigiza."

"Si ndiyo kazi uliyoniitia?" Binti alimjibu bila kupandisha sauti, na wapiga picha wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka.

Bi Kabati mwenyewe alikuwa na siku yake njema. Alitakiwa kusimama jikoni akiosha vikombe, asikie droo ikivutwa chumba cha pili, ajue hakuna mtu mwingine nyumbani. Basi. Hakuna damu wala kukimbia. Aliusikia mlio, mikono ikatulia majini, kisha akakitoa kikombe polepole na kukilaza juu ya kitambaa kana kwamba kuna mtoto amelala karibu. Fundi sauti, mzee wa hedifoni shingoni, alikuja kumwambia kwamba alijikuta amegeuka kutazama nyuma yake. Bi Kabati alirudi nyumbani mwepesi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amemtisha mtu kwa kuigiza, yeye mwenyewe akiwa haogopi chochote.

Ikaja siku ya kabati.

Lilikuwa kabati la mbao ngumu, zito, limepakwa vanishi ambayo ilikuwa bado inanuka. Ndani, kwenye kona ya juu, walikuwa wamebandika kamera ndogo inayoona gizani na kinasa sauti. Waliingia, Binti mbele, magoti yake kidevuni, Bi Kabati nyuma yake. Mara mbili za kwanza zilikwenda sawasawa. Mwongozaji akaomba warudie. Mlango ukafungwa, hatua za Mwenye Patasi zikapita, pakawa kimya, na Bi Kabati akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Binti, akausukuma mlango ili atoke akafe.

Mlango haukusogea.

Akausukuma kwa nguvu. Hakuna. Akaita kwamba mlango umekwama. Kimya. Kisha mwanga uliokuwa ukipenya kwenye upenyo wa mlango ukazimwa, ikabaki nukta nyekundu ya kamera, na nje akasikia watu wakiondoka kwa kunyata, jinsi watu wazima wanavyonyata wakijaribu kutotoa sauti.

Hapo akaelewa. Komeo la kabati hili halikuwa limegoma.

Mbao zilikuwa zilezile, kulia, kushoto, juu ya utosi, kama vile miaka yote ile alikuwa ametoka kwenda msalani tu na sasa amerudishwa. Pumzi ikawa fupi. Alitaka kupiga mateke, lakini hapakuwa na nafasi ya kukunjua mguu, na mbele yake kulikuwa na mtoto wa watu.

"Shangazi," Binti alinong'ona. "Hii ipo kwenye picha?"

"Haipo."

Binti hakupiga kelele. Alianza kuukwaruza mlango kwa kucha, taratibu, kama paka aliyesahauliwa nje. Bi Kabati alimshika mikono. Ilikuwa baridi mno. Alimwegemeza kifuani pake. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akapapasa juu hadi akaipata kamera, akaifunika. Ile nukta nyekundu ikapotea, giza likawa giza kweli.

"Pumua na mimi," alimwambia. "Mimi nikivuta, vuta. Polepole, hatuendi popote."

Walipumua. Nje hapakuwa na dalili ya mtu. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Niambie kitu, Shangazi. Chochote."

Bi Kabati akafungua mdomo asimulie kile kisa chake cha kuchekesha, na kisa kikakataa kutoka. Kilichotoka ni kingine.

"Siku ile sikulia kwa njaa," alisema. "Nilidhani nakufa. Nilijikojolea, mwanangu, na mwongozaji wa wakati ule alikuwa nje ya mlango, ananisikia. Walipofungua, walinipiga picha kwanza, shuka wakaniletea baadaye. Uso wote mnaousifu ndio huo. Halafu kila aliyeniuliza alitaka kicheko, nami nikampa. Nalala na mlango wazi mpaka leo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa bila kujua kwa nini."

Binti aligeuza kichwa gizani. "Hukumwambia mtu?"

"Nimekwambia wewe."

Mara wakasikia hatua, na safari hii hazikuwa za kunyata. Komeo likavutwa, mwanga ukawamwagikia. Aliyesimama mlangoni alikuwa fundi sauti, hedifoni mkononi, macho mekundu. Alikuwa amelisikia kila neno. Alimshika Binti mkono, kisha Bi Kabati, akawatoa kama anavyotolewa mtu kwenye gari lililopinduka. Nyuma yake Mwongozaji alikuwa bado amekaa mbele ya skrini yake nyeusi.

"Nisameheni," alisema, na alionekana anasema kweli. "Lakini kabla ya kitambaa, tumeupata. Uso tumeupata."

Bi Kabati alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kumwambia mwongozaji mwingine, aliyekwisha kufa zamani. "Ungemwomba," alisema hatimaye. "Anajua kazi. Ungempa nafasi tu."

Binti alikuwa amekaa sakafuni. Hakulia.

Siku iliyofuata Bi Kabati alifungasha vitu vyake pale ghalani. Mdogo wake alikwishamwambia kwamba akirudi kule tena, basi asitafute wa kumkanda magoti. Lakini Binti alikuja kumkuta mlangoni. Mkataba alikuwa ameshautia sahihi, alisema. Akiondoka, picha wataimaliza na mwingine na ule uso wake watautumia vilevile. "Ukienda, Shangazi, nitabaki naye peke yangu humu." Bi Kabati akalifungua tena furushi lake. Kazi yote iliyobaki, hata siku ambazo hakuwa na sehemu, alikaa kwenye kiti kando ya lile kabati, mikono kifuani. Komeo halikuwepo tena. Fundi sauti alikuwa ameling'oa, akalitia mfukoni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Picha ilipoanza kuonyeshwa, walialikwa wote, mchana, ukumbi umefurika. Bi Kabati alikaa kati ya mdogo wake na Binti. Lilipofika lile tukio la jikoni, kikombe kikilazwa juu ya kitambaa, ukumbi uliganda. Mwanamke wa safu ya mbele alimng'ang'ania mumewe hadi mume akalalamika. Mdogo wake Bi Kabati, aliyekuwa ameapa kutoisamehe picha ile, aliweka kiganja mdomoni.

Kisha likaja kabati. Uso wa Binti ukajaa skrini nzima, uso wa kweli, ule uliogharimu yote yale. Na haukuwa na kitu. Macho yametulia, mdomo umefungwa, mtu hayupo. Mtu aliyeogopa kweli mara nyingine huwa hivyo, anajiondokea akakuachia ngozi tu. Watazamaji walisubiri. Bisi zikaanza kutafunwa, simu zikawaka huku na kule. Kijana mmoja nyuma yao akasema, bila ubaya, "Huyu naye, hata kuogopa hajui." Wenzake wakacheka.

Binti alisikia. Bi Kabati alihisi bega lake likikakamaa, akamshika mkono, na wakabaki hivyo, wamebanwa katikati ya safu, magoti ya watu kila upande, hawana pa kupitia. Mbele kabisa Mwongozaji aligeuka kuwatazama watu wake. Mwanga wa skrini ulimpiga kwenye miwani, macho yake hayakuonekana.

Watu walitoka wakisema picha si mbaya, ila ile ya zamani ndiyo ilikuwa kiboko. Nje, vijana walimzunguka Bi Kabati. "Bi Kabati, umekufa vizuri sana!" Mazishi yake walikuwa wameyaona, na jina walikuwa nalo vilevile. Mmoja alimnyooshea Binti kidole. "Na huyu ndiye Kabati mdogo."

Mwandishi wa habari alipenya na kinasa sauti chake, akitabasamu. Alikuwa amesikia kuna kisa kuhusu kabati hili jipya, hebu wamsimulie. Alimwelekea Bi Kabati, kwa kuwa ndiye mjuzi wa visa. Bi Kabati akamtazama Binti, akamwachia yeye.

"Tulifungiwa," Binti alisema. "Hatukuulizwa. Nilitaka kutoka, na walikuwa wananisikia."

Tabasamu likamwisha mwandishi, akauliza tena, polepole, nani aliyefunga.

Habari ilitoka gazetini, si kubwa, ukurasa wa ndani. Mwongozaji aliitwa na wakubwa wake, akaonywa, na inasemekana ameshaanza kuandaa sehemu ya pili, itakayofanyika chini ya ardhi. Binti hakuitwa kuigiza humo, na hangekwenda. Anaigiza jukwaani siku hizi, mahali ambapo akitaka kutoka anatembea tu mpaka pembeni. Siku za mapumziko huja kwa wale ndugu wawili, kumkanda Bi Kabati magoti wakati mdogo mtu anapika. Fundi sauti naye hupita mara mojamoja, na mdogo mtu ameanza kuvaa hereni siku hizo, jambo ambalo wengine wawili wanajifanya hawajaliona.