Ushuhuda wa Nakhumicha

Nilikuwa mpishi katika makao ya watoto nje kidogo ya mji wa Kitale, na sitaki mtu aniambie kwamba Misi Hilda, mkuu wa makao hayo, alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema. Aliacha kwao ng'ambo akaja kuogesha watoto wenye upele kwa mikono yake mwenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Shida ya mtu mwema ni kwamba ukimkasirikia huna pa kumshika.

Sheria yake ilikuwa moja: makao ni ya yatima kamili. Mtoto mwenye mzazi mmoja hai alirudishwa kwa mzazi huyo, hata kama mzazi mwenyewe alikuwa akilala njaa. Alisema mzazi ni zawadi ya Mungu, na yeye hawezi kumnyang'anya mtoto zawadi yake. Maneno matamu kweli, ila mimi niliyasikia nikiwa nimeshika mwiko, na najua sufuria tupu inavyoonekana.

Mwaka wa njaa, 1984, watu walipokuwa wakila mahindi ya njano ya msaada, mwinjilisti wetu Kimeli alileta watoto wawili kutoka Bumula, kule Bungoma. Msichana aliitwa Nakhumicha, miaka saba. Mgongoni alimbeba ndugu yake Mukhisa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaota meno. Baba yao alikufa lori la mahindi lilipopinduka. Mama yao, Kimeli akaeleza, alikufa akimzaa huyo mdogo. Misi Hilda akawapokea kwa machozi.

Haukupita muda, mwanamke mmoja mwembamba akaja mlango wa jikoni na kikapu cha sukuma na saga, akiuliza kama tunanunua mboga. Tulipokuwa tukielewana bei, Mukhisa akalia huko ndani. Nguo ya yule mwanamke ikalowa kifuani, pande zote mbili.

Nilimtazama, naye akanitazama.

"Mama, usiseme," akaniambia.

Jina lake lilikuwa Nasambu. Mumewe alipokufa, shemeji yake alitaka kumrithi, akakataa, akafukuzwa shambani na watoto wake bila hata jembe. Kwa mama yake mzazi hapakuwa na chakula. Ndipo Kimeli akampa shauri.

"Aliniambia, 'Nasambu, kama unapenda hawa watoto wakule na wasome, wewe kufa tu,'" akanieleza. "Basi, si nilikufa."

Kimeli alisifiwa sana kwa kila mtoto aliyemleta.

Nasambu akapanga chumba mtaa wa Matisi, hapo Kitale, akawa anatuletea mboga kila Alhamisi. Nakhumicha ndiye aliyetoka kupokea kikapu. "Habari, mama," alisema, kama anavyomwamkia mtu yeyote, na mama yake alijibu, "Mzuri, mtoto," huku vidole vyao vikishikana chini ya kikapu mahali ambapo hapana anayeona. Mukhisa alimjua tu kama mwanamke wa mboga. Wakati mwingine Nasambu alimpa karoti, naye akakimbia nayo bila kusema asante.

Ila kulikuwa na ushuhuda. Kila wageni wa ng'ambo walipokuja kanisani, Misi Hilda alimwita Nakhumicha mbele, kwa sababu mtoto alijua kusema. Kimeli alikuwa amemfundisha neno kwa neno. "Mimi ni yatima. Baba alikufa kwa ajali. Mama alikufa akimzaa huyu ndugu yangu. Lakini Yesu ametupa nyumba." Akinyoosha mkono kumwonyesha Mukhisa, wageni wote waligeuka kumtazama, na leso zikatoka. Misi Hilda alimkumbatia msichana pale pale madhabahuni. Nilichukia Jumapili hizo kuliko kuosha sufuria zilizoungua.

Alipofika miaka minne, Mukhisa aliingia jikoni akasimama mbele yangu.

"Mama Chepkemei, ati mimi ndio niliua mama yetu?"

Nasambu alikuwa pale pale, ameinama, akichambua mboga. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua mpaka mikononi mwake pakabaki vijiti vitupu. Nilimwambia mtoto aende akacheze.

"Mwambie ukweli siku moja," nilimwambia Nasambu.

"Wacha amalize shule kwanza. Akijua atasema, na akisema watafukuzwa. Nitawapeleka wapi? Mimi nalala na maji tu tumboni." Alijifuta macho kwa kiwiko. "Yeye akule tu, mama. Hata akinichukia, akule."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, na hakuwahi kutaka lingine.

Mwaka wa 1988 kifua kikamshika. Alikohoa mvua zote, akaanza kutuma jirani alete mboga, kisha jirani akaja bila mboga kutuambia amekufa. Wakwe walikataa maiti. Mama yake mzazi akakubali azikwe kwake Bumula.

Nilimwambia Nakhumicha stoo, juu ya magunia ya mahindi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Akatoboa gunia kwa kidole.

"Nikilia huko kwa matanga, watajua?"

"Watajua."

"Basi sitalia."

Misi Hilda alikuwa amempenda yule mwanamke wa mboga, kwa sababu hakuwahi kutupunja. Akaamua kwaya yetu iende ikamwimbie. Ndivyo Nakhumicha alivyokwenda kumzika mama yake: amevaa sare ya kwaya, mstari wa mbele. Watoto wadogo, Mukhisa akiwemo, waliachwa Kitale.

Bumula tulikuta watu wachache na jeneza la mbao ambazo hazijapigwa randa. Mama wa marehemu alikuwa ameketi chini kando yake. Alimwona mjukuu wake akishuka kwenye gari, mkono ukainuka, kisha akaurudisha mapajani. Majirani nao waliomjua yule mtoto tangu azaliwe wakaangalia pembeni. Kijiji kizima kilikuwa kimekubali kunyamaza, na nikawapenda kwa hilo.

Kwaya ikaimba, Nakhumicha akaimba, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Kimeli akasoma Neno. Akatangaza kwamba marehemu hakuacha mtoto, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Tungemaliza hivyo, tukarudi. Lakini Misi Hilda alimwona yule bibi kizee anavyotetemeka, roho yake njema ikamsukuma. Akamshika Nakhumicha bega, akamsogeza mpaka kando ya jeneza.

"Huyu mtoto anajua uchungu wa kufiwa," akawaambia watu. "Nakhumicha, wafariji. Waambie jinsi ulivyompoteza mama yako."

Nilitaka kupiga kelele. Nakhumicha alinitazama mara moja, kisha akakunja mikono nyuma kama alivyofundishwa.

"Mimi ni yatima," akaanza. "Baba alikufa kwa ajali." Nguo yake iligusa jeneza. "Mama alikufa akimzaa ndugu yangu."

Wanawake wakaguna. Bibi yake akasimama, na si kwa urahisi, akishikilia jeneza.

"Misi, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini mtoto yangu iko hapa ndani ya sanduku, na huyu anasema alikufa zamani. Hakukufa zamani. Alikufa Jumanne. Hawa ni watoto yake. Ulisema unataka yatima, sasa si umepata? Wamekuwa yatima kamili. Usiwafukuze."

Aliamini kwamba amemaliza kesi. Sheria ilitaka mama awe amekufa, na mama huyu hapa, amekufa. Mimi mwenyewe niliona ana haki.

Misi Hilda alikuwa mweupe kama unga. "Ni kweli, Nakhumicha?"

"Ni kweli, Misi."

Ndipo mtoto akalia. Alilalia lile jeneza akamwita mama kwa lugha ya kwao, "mayi, mayi," na mbao zikamchoma mikono, na hakuna aliyemwondoa. Wanawake wa Bumula wakapiga yowe pamoja naye. Nimezika wengi, wa kwangu na wa watu, na kilio kile ndicho bado nakisikia.

Njiani Misi Hilda aliendesha gari mwenyewe. Kimeli, kiti cha mbele, ndiye aliyesema. "Hata mimi nilidanganywa na huyo mama, Misi." Nilikuwa nyuma na watoto wa kwaya, na Nakhumicha usingizini mapajani mwangu.

Kesho yake Misi aliniita ofisini. Alikuwa amelia mpaka macho yamevimba.

"Njaa ningeisamehe," akasema. "Lakini madhabahuni, Chepkemei. Miaka minne, mbele ya Mungu na wageni, madhabahuni."

"Alikuwa na miaka saba, Misi."

"Sasa ana kumi na moja, na jana alisema tena."

"Si wewe ulimwambia aseme?"

Akaamua Mukhisa abaki, maana hana hatia. Nakhumicha arudi kwa bibi yake. Kuhusu Kimeli hakusema kitu, na mimi sikuulizwa.

Nakhumicha aliondoka na Biblia, sukari na sare ya shule ambayo hangeitumia tena. Hakubishana. Nafikiri aliona kwamba mmoja kubaki ni afadhali kuliko wote kwenda, na mama yake angeona vivyo hivyo. Pale getini alinishika kanga.

"Mwambie Mukhisa hakuua mtu."

Mukhisa nilimpata jikoni na kikombe cha uji, akimngoja dada yake. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mukhisa, sikiliza. Wewe hukumuua mama yako."

Akafikiri, mdomo umejaa uji. Nje, Kimeli alikuwa akipanga viti, kwa sababu Jumapili ilikuwa na wageni.

"Basi ni nani alimuua?" akaniuliza.